Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Migomo Huwa Mingi Nchi Moja na Michache Nchi Nyingine

Barua nyingi tulizopokea baada ya makala yetu kuhusu mishahara ya watumishi wa umma zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: ni nini hasa kinachowafanya wafanyakazi wagome, na kwa nini wengine hawagomi? Tumechagua barua tano. Majina ya walioziandika yamehifadhiwa.

Ndugu Mhariri, kila nikifungulia redio nasikia wafanyakazi wa Ufaransa wamegoma: leo reli, kesho walimu, keshokutwa wazoa taka. Habari za mgomo wa Sweden ni nadra kuzisikia. Rafiki yangu anasema hiyo ni tabia ya watu, kwamba Wafaransa wana hasira za karibu na watu wa Kaskazini ni wapole. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam*

Maelezo ya rafiki yako husemwa na wengi, lakini historia ya Sweden yenyewe inayakanusha. Katika miongo mitatu ya mwanzo ya karne ya 20, Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopoteza siku nyingi zaidi za kazi duniani, ama kwa migomo ama kwa waajiri kuwafungia nje wafanyakazi wao. Mwaka 1909 wafanyakazi wapatao 300,000 waligoma kwa karibu mwezi mzima, wakashindwa, na shirikisho la vyama vyao, LO, likapoteza takribani nusu ya wanachama. Mei 1931, katika bonde la Ådalen, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi walioandamana kupinga watu walioletwa kuchukua nafasi za wagomaji, na watu 5 wakauawa. Baada ya muda usiozidi kizazi kimoja nchi hiyohiyo, yenye watu walewale, ikawa mfano wa utulivu kazini. Tabia ya taifa haibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni mahali ambapo madai ya mfanyakazi yangeweza kupelekwa yakasikilizwa.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa hatua. Sheria ya 1928 iliupa mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, nguvu ya kisheria na kuweka wajibu wa amani: chama kilichotia sahihi hakiruhusiwi kugoma kwa jambo lililomo katika mkataba mpaka muda wake uishe, na tafsiri ya vifungu vyake huamuliwa na Mahakama ya Kazi. Vyama viliipinga sheria hiyo vikali, kwa kuwa viliona imewafunga mikono wafanyakazi bila kuwapa kitu. Kitu hicho kilikuja baadaye. Mwaka 1932 chama cha Social Democrats kiliingia madarakani, na mambo ambayo mfanyakazi aliyatafuta kwa mgomo, kama vile pensheni, nyumba na kinga dhidi ya ukosefu wa ajira, yakaanza kutafutwa katika bajeti ya serikali. Waajiri nao wakatambua kwamba serikali hiyo isingewatumia askari kwa manufaa yao. Desemba 1938 LO na shirikisho la waajiri walitia sahihi makubaliano ya Saltsjöbaden, yaliyoweka utaratibu wa kujadiliana na kutatua migogoro bila serikali kuwaamulia. Mwaka 1941 LO ilijipa mamlaka makubwa zaidi juu ya migomo ya vyama vyake.

Ukubwa wa vyama ni sehemu ya maelezo. Chama kinachowakilisha wafanyakazi wachache wa kiwanda kimoja kinaweza kudai nyongeza kubwa na kuacha gharama yake iwaangukie wengine. Shirikisho linalobeba karibu wafanyakazi wote wa nchi haliwezi kufanya hivyo, kwa maana bei zikipanda zinawapandia wanachama wake, na viwanda vikifungwa ni wanachama wake wanaokosa kazi. Vilevile pande mbili zilizozoea kukaa meza moja kila mwaka huujua uwezo wa mwenzake, na migomo mingi inatokana na kutojua hilo: chama kinadhani mwajiri anaficha fedha, mwajiri anadhani chama kinatisha tu, na mgomo unakuwa njia ya gharama kubwa ya kugundua ukweli.

Ufaransa imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Utangulizi wa Katiba ya 1946, ambao bado una nguvu leo, unaitambua haki ya kugoma, na mahakama za huko huichukulia kuwa haki ya mfanyakazi binafsi. Mkataba uliotiwa sahihi na chama haumwondolei. Wanachama wa vyama ni kama mtu 1 katika kila wafanyakazi 10, lakini mikataba inawagusa zaidi ya 9 katika kila 10, kwa sababu serikali huipanua ihusu hata kampuni ambazo hazikushiriki katika majadiliano. Kwa hiyo mfanyakazi hana sababu kubwa ya kulipa ada, na vyama, ambavyo ni vingi na vinashindana, huonyesha nguvu yao barabarani kwa kuwa haviwezi kuionyesha katika daftari la wanachama. Zaidi ya hayo, mambo makubwa kama umri wa kustaafu huamuliwa na serikali, ndiyo maana migomo ya 1995 na ya 2023 ililenga serikali. Mgomo wa namna hiyo usingekuwa halali kwa jirani zao wa Ujerumani. Huko mgomo lazima uitishwe na chama, na lazima uhusu jambo linaloweza kuandikwa katika mkataba wa pamoja. Watumishi wa serikali wenye ajira ya kudumu hawaruhusiwi kugoma kabisa, msimamo ambao Mahakama ya Katiba iliuthibitisha mwaka 2018. Manung'uniko ya kila siku hupelekwa kwa baraza la wafanyakazi lililochaguliwa kiwandani, na sheria inalikataza baraza hilo kuitisha mgomo.

Hata hivyo, utulivu wa Sweden usichukuliwe kuwa kamilifu. Desemba 1969 wachimbaji wa chuma wa Kiruna walisimamisha kazi bila idhini ya chama chao, kwa sababu mishahara na masharti yaliyopangwa mbali Stockholm hayakufanana na maisha yao chini ya ardhi. Waligoma kwa takribani miezi miwili. Sheria za miaka ya 1970 zilizompa mfanyakazi ulinzi wa ajira na sauti katika uendeshaji wa kampuni zilichochewa kwa sehemu na mgomo huo.

Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Nimepata majedwali ya migomo ya Marekani na ya Uingereza. Je, naweza kuyalinganisha moja kwa moja?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Usifanye hivyo kabla ya kusoma maelezo yaliyo chini ya kila jedwali. Jedwali la Marekani linalotumiwa zaidi huhesabu migomo yenye wafanyakazi 1,000 au zaidi tu, hivyo mgomo wa watu 900 hauonekani hata ukidumu mwaka. Uingereza huacha migomo ya watu chini ya 10 au isiyofika siku moja, isipokuwa jumla ya siku zilizopotea ipite 100. Denmark nayo ina kiwango chake. Tumia siku za kazi zilizopotea kwa kila wafanyakazi 1,000, tena kwa wastani wa miaka kadhaa, kwa sababu mgomo mmoja mkubwa unaweza kuvuruga picha nzima: Uingereza ilipoteza siku milioni 29.5 mwaka 1979, na takribani milioni 27 mwaka 1984 kwa sababu ya wachimba makaa ya mawe.

Tenganisha pia wingi wa migomo, ukubwa wake na urefu wake, kwa maana kila kimoja kina chanzo chake. Nchini Marekani majadiliano hufanyika kampuni kwa kampuni na mkataba hudumu miaka kadhaa, kwa hiyo mgomo huja kwa nadra lakini ukija huwa mrefu. Waandishi wa filamu na televisheni waligoma siku 148 mwaka 2023. Uchache wake una sababu nyingine ambayo hutaiona katika jedwali: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1938, mwajiri anaruhusiwa kuajiri watu wa kuchukua nafasi za wanaogoma kwa ajili ya mishahara, na kuwabakiza hata baada ya mgomo kwisha. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongozaji wa ndege zaidi ya 11,000 waliokuwa wamegoma kinyume cha sheria ya watumishi wa serikali ya shirikisho, na waajiri wa kampuni binafsi wakajifunza kutoka kwake.

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mgomo halali hata mmoja hapa kwetu. Je, huo si ushahidi kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inafanya kazi vizuri?
*Afisa rasilimali watu, Tanga*

Huenda ni ushahidi, lakini hautoshi. Sheria yenyewe ina mizania nzuri. Mfanyakazi ana haki ya kugoma ikiwa mgogoro ni wa maslahi (wa kudai kitu kipya), ikiwa umepelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na siku 30 za usuluhishi zimepita bila suluhu, ikiwa wengi wa waliopiga kura wameunga mkono, na ikiwa mwajiri amepewa notisi ya saa 48. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya 1995, ina utaratibu unaofanana sana na huo: usuluhishi wa siku 30, kisha notisi ya saa 48. Na bado Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi zinazogoma sana duniani, ilhali sisi tuko upande wa pili kabisa. Mwaka 2014 wachimbaji wa platinamu wapatao 70,000 waligoma kihalali kwa miezi mitano. Kama masharti yanakaribiana kiasi hicho na matokeo yako mbali kiasi hicho, basi kilichotofautiana ni nguvu ya vyama vinavyoitumia sheria na njia ambayo vyama hivyo vilipita kufika hapo.

Njia yetu naona inafaa kukumbukwa kwa kirefu, kwa sababu vijana wengi walioko viwandani hawakuisimuliwa. Tanganyika haikuwa nchi ya kimya. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukapanda na reli hadi miji ya bara. Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa 1955 na katibu mkuu wake, Rashidi Kawawa, akawa kiungo kati ya vyama na TANU. Miaka ya mwisho ya ukoloni mashamba ya mkonge, reli na bandari vilishuhudia migomo mingi na mirefu.

Baada ya Uhuru, Kawawa huyohuyo alikuwa Waziri Mkuu wakati Bunge lilipopitisha sheria za 1962. Sheria ya kutatua migogoro ya kazi iliilazimisha migogoro ipite katika usuluhishi na kisha katika baraza ambalo uamuzi wake ulikuwa wa mwisho, na kwa vitendo mgomo halali ukawa karibu hauwezekani. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na chama kimoja, NUTA, kikaundwa kwa sheria; katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Migomo ilishuka mara moja, ikabaki michache sana.

Mtu anayetazama mistari miwili tu kwenye grafu, wa Sweden baada ya 1938 na wa Tanganyika baada ya 1964, angedhani nchi hizi mbili zilipata dawa moja. Mimi nakataa. Ni haki kusema kwamba serikali ya wakati ule haikuchukua bila kutoa: kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, sheria ya 1964 ya usalama wa ajira ikampunguzia mwajiri uhuru wa kumfukuza mtu ovyo, na Mfuko wa Akiba wa Taifa ukaanzishwa. Vilikuwa vitu vya thamani. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa. Mfanyakazi wa Sweden aliiacha silaha yake mkononi mwa chama alichokichagua mwenyewe, na chama hicho kiliweza kuichukua tena, kama kilivyofanya mwaka 1980 nchi ilipoingia katika mgomo mkubwa na waajiri wakajibu kwa kuwafungia nje mamia ya maelfu ya watu. Mfanyakazi wa Tanzania alinyang'anywa silaha, na aliyepewa kuitunza hakuwajibika kwake.

Matokeo yake yalionekana miaka saba baadaye. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, wakausoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 1971 na 1973 walisimamisha mashine wakiwa na Mwongozo mkononi, na mara nyingi madai yao hayakuhusu mshahara bali meneja aliyewatukana au aliyetumia mali ya kiwanda kama yake. NUTA haikuwaongoza, katika migogoro mingi ilisimama pembeni au ikawaambia warudi kazini. Hilo ndilo hutokea taasisi inaponyamazisha bila kusikiliza. Marikana, nchini Afrika Kusini, mwaka 2012, ilionyesha jambo hilohilo kwa uchungu mkubwa zaidi: wachimbaji wa platinamu walioamini kwamba chama chao kikubwa kimekaa karibu mno na waajiri waligoma nje ya utaratibu wote wa sheria, na tarehe 16 Agosti polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 34.

Kwa hiyo, kuhusu kiwanda chenu, ningekushauri uchunguze mambo ambayo hayamo katika hesabu ya migomo. Mkataba wa hali bora ulijadiliwa lini kwa mara ya mwisho, na je, wajumbe wa chama walionyeshwa hesabu za kampuni au waliambiwa tu kwamba hali ni ngumu? Wafanyakazi wangapi huacha kazi kila mwaka bila kutoa sababu? Aliyelalamika mwaka jana bado yupo, na yupo katika nafasi ileile? Majibu yakiwa mazuri, basi mna amani ya kweli, na wewe umeshiriki kuijenga.

Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi wa hospitali ya kaunti. Katiba ya Kenya inatupa haki ya kugoma, mikataba imetiwa sahihi, mahakama ya kazi ipo. Mbona sekta ya afya haikai miaka miwili bila mgomo, na mbona lawama zote ni zetu?
*Muuguzi, Kisumu*

Pole na kazi, ndugu muuguzi. Taasisi za Kenya kwa maandishi ni miongoni mwa zilizo kamili zaidi Afrika. Nchi yenu ilikuwa na Mkataba wa Mahusiano ya Kazi kati ya serikali, waajiri na vyama tangu 1962, kabla hata ya uhuru, na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya kugoma kwa uwazi.

Tatizo liko katika aina ya migogoro. Wataalamu wa kazi hutenganisha mgogoro wa maslahi, yaani madai ya kitu kipya, na mgogoro wa haki, yaani madai ya kitu kilichokwisha kuahidiwa. Mgomo umekusudiwa kwa ule wa kwanza. Wa pili ni kazi ya mahakama. Katika hospitali za umma za Kenya migomo mikubwa imekuwa ya aina ya pili. Chama cha madaktari, KMPDU, kilitia sahihi mkataba na Wizara ya Afya Juni 2013. Haukutekelezwa. Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo ukadumu siku 100; Februari 2017 viongozi wao saba walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama ya kuusitisha, wakaachiliwa siku mbili baadaye. Mwaka huohuo wauguzi walikaa nje kwa takribani miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56, na sehemu ya madai yao ilikuwa utekelezaji wa mkataba uliomaliza mgomo wa 2017.

Sababu moja kubwa ni kwamba anayetia sahihi siye anayelipa. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti 47. Fedha zao kwa sehemu kubwa hutoka serikali kuu, na Tume ya Mishahara na Marupurupu ina kauli yake juu ya kila nyongeza. Muuguzi anayedai haki yake huelekezwa kwa gavana, gavana humwelekeza hazina, hazina humwelekeza tume. Nchini Sweden serikali za mitaa pia ndizo zinazowaajiri wauguzi, lakini zina shirika moja la waajiri linalojadiliana kwa niaba ya zote, na zinakusanya kodi zao zenyewe, hivyo sahihi na mfuko viko mahali pamoja.

Kuhusu lawama, nasema wazi: amri ya kusitisha mgomo ikitolewa kwa siku chache na mkataba ukakaa zaidi ya miaka mitatu bila kutekelezwa, raia anayekosa matibabu ana haki ya kuuliza ni upande upi ulianza kuvunja sheria. Wakati huohuo chama chenu kingefanya vyema kudai mkataba unaotaja tarehe ya malipo, kifungu cha bajeti na ofisi itakayowajibika, kabla ya kuondoka mezani.

Naishi Malmö na nafanya kazi ghalani. Nimeshangaa kugundua kwamba Sweden haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Pia nimeona mafundi wa magari ya Tesla wamegoma tangu 2023. Kama hii ni nchi ya amani kazini, mgomo huo umetoka wapi?
*Mtanzania aliyeko Sweden*

Mambo hayo mawili yanahusiana. Kwa kuwa hakuna kima cha chini kwa sheria, mkataba wa pamoja ndio unaobeba mshahara, saa za ziada, bima na pensheni ya ziada, na unawagusa kama wafanyakazi 9 katika kila 10. Mwajiri anayekataa kutia sahihi anakataa taasisi ambayo mambo mengine yote yanaitegemea. Ndiyo sababu IF Metall, chama cha wafanyakazi wa viwandani, kilianza mgomo tarehe 27 Oktoba 2023, ingawa mafundi wanaohusika ni wachache mno.

Wajibu wa amani nilioutaja katika jibu la kwanza humlinda mwajiri aliyetia sahihi. Asiyetia sahihi hana kinga hiyo. Sheria ya Sweden inaruhusu pia migomo ya kuunga mkono, na kwa sababu hiyo wafanyakazi wa bandari walikataa kupakua magari ya kampuni hiyo, mafundi umeme wakakataa kutengeneza vituo vyake vya kuchajia, na wafanyakazi wa posta wakakataa kupeleka namba za magari mapya. Uingereza iliipiga marufuku migomo ya namna hiyo mwaka 1990. Mgomo wa Tesla ulipita miaka miwili bila makubaliano, jambo ambalo Sweden haijalizoea, na vyama vimeona afadhali kulipa wagomaji kutoka mfuko wa mgomo kwa muda wote huo kuliko kukubali mwajiri mmoja mkubwa abaki nje.

Kwa upande wako, muulize mwajiri kama ghala lenu lina mkataba wa pamoja na ni wa chama kipi, kwa maana maghala mengine huhesabiwa katika biashara na mengine katika uchukuzi, na viwango vinatofautiana. Kumbuka pia kwamba uanachama wa chama na uanachama wa mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira ni vitu viwili. Wageni wengi hujiunga na kimoja wakidhani wameingia katika vyote.